Jicho na Hukumu: Jinsi Mtu Aonavyo Umbo Katika Mchoro Bapa

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyempa mwanadamu macho mawili na akili moja ya kuyahukumia, yafaa liulizwe swali ambalo watu wengi hawaliulizi, kwa kuwa kila mmoja adhani jawabu lake analo. Mtu akitazama karatasi iliyochorwa nyumba, huona ukuta wa mbele na ukuta wa ubavuni, na paa lililoinama, na ukumbi unaoingia ndani. Walakini karatasi ni bapa. Akipitisha kidole juu yake hakuti ukumbi wala pembe ya ukuta; akuta wino mkavu tu. Basi ukumbi ule uko wapi? Haumo katika karatasi, kwani kidole kimekwisha kushuhudia. Hauko nyuma ya karatasi, kwani akiigeuza aona weupe mtupu. Wala mtu huyo hawezi kusema kuwa hakuuona, kwa sababu ameuona, na kila aliye karibu naye ameuona.

Wako watakaosema kuwa hilo ni swali la watoto, na kuwa mtu mzima ana shughuli zilizo bora kuliko kupapasa karatasi. Lakini wajue kuwa kwa swali hili watu wazima wamepimwa akili zao, wakaandikwa katika madaftari kuwa ni wenye upungufu wa kuona, na walioyaandika hayo hawakuwa watu wa mtaani bali ni wanachuoni wenye shahada. Khabari yao itakuja mahali pake. Kabla yake hapana budi ijulikane kwanza jicho lafanya kazi gani, na kazi gani si yake.

Msomaji na achukue kipande cha mkaa, achore sakafuni, au ukutani ikiwa ukuta si wa jirani. Achore mraba mmoja, kisha achore mraba wa pili ulio sawa nao, uliopanda juu kidogo na kusogea kuliani hata miraba miwili ipandane. Kisha aunganishe kila pembe ya mraba wa kwanza na pembe ya mwenziwe katika mraba wa pili. Jumla itakuwa mistari 12, wala hapana zaidi. Papo hapo ataona sanduku, kana kwamba limefanywa kwa kioo au kwa fito, lina uso wa mbele na uso wa nyuma. Akitulia kulitazama, baada ya muda litageuka: uso uliokuwa mbele utakwenda nyuma, na uliokuwa nyuma utakuja mbele. Akizidi kutazama litarejea kama lilivyokuwa, na kugeuka tena. Hawezi kulizuia, wala hawezi kuziona hali zote mbili kwa wakati mmoja.

Mtu wa kwanza kuliandika jambo hili katika vitabu vya Ulaya alikuwa Louis Albert Necker, mwanachuoni wa Uswisi aliyekuwa akichunguza mawe yenye nyuso na pembe. Yeye alikuwa akitazama michoro ya mawe hayo, na mwaka 1832 akaandika kuwa mchoro wageuka wenyewe machoni pake pasipo kuguswa. Nalo ni jambo la kuzingatiwa sana. Mkaa haukutikisika, mwanga haukubadilika, na jicho ni lile lile. Walakini kilichoonekana kimekuwa vitu viwili mbali mbali. Ikiwa hivyo, basi kilichogeuka si mchoro wala si jicho. Kilichogeuka ni hukumu.

Sababu yake yafahamika kwa hesabu nyepesi. Mwanga huja kwenye jicho kwa njia iliyonyoka, na jicho hupata khabari ya upande mwanga ulikotoka, lakini halipati pamoja na khabari hiyo umbali uliosafiriwa. Ndiyo maana senti moja ikishikwa karibu na jicho huufunika mwezi wote, ingawa hapana mwenye akili asemaye kuwa vimelingana. Na ndivyo ilivyo katika mstari. Mstari mmoja uliochorwa waweza kuwa sura ya ufito mfupi ulio karibu, au wa ufito mrefu ulio mbali, au wa ufito ulioinama ncha moja ikija kwa mtazamaji na ncha ya pili ikimkimbia. Yote matatu huleta sura ile ile katika jicho. Kwa hiyo ile mistari 12 ya mkaa si sura ya sanduku moja tu. Ni sura ya masanduku yasiyo na idadi, yaliyonyooka na yaliyopotoka, na pia ni sura ya mistari 12 iliyo sakafuni, ambayo ndiyo kweli yenyewe. Jicho halina njia ya kuchagua. Mwenye kuchagua ni mwingine.

Aliyeyaeleza haya kwa ufasaha kuliko wote waliomtangulia alikuwa Mwislamu wa Basra, Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa yapata mwaka 354 wa Hijra, nao ni 965 wa Miladi, na kufariki Misri yapata mwaka 430, yaani 1040. Katika kitabu chake cha Manazir, chenye juzuu saba, alibatilisha rai ya wale Wayunani waliosema kuwa jicho hutoa mwanga wake na kuugusa ulimwengu kama kipofu agusavyo kwa fimbo. Akathibitisha kuwa mwanga hutoka katika vitu ukaingia jichoni. Watu wengi humsifu kwa hilo, na yastahiki sifa. Lakini jambo la pili alilolisema ndilo kubwa zaidi, na wasifu wake wengi hulipita mbio: kuwa jicho kwa nafsi yake halipati ila mwanga na rangi, na kuwa umbo, ukubwa, umbali na kina hujulikana kwa kupambanua na kwa kiasi, yaani akili huchukua alama zilizoletwa na jicho, ikazilinganisha na mambo iliyoyajua zamani, kisha ikatoa hukumu. Na kwa kuwa hukumu hiyo hutolewa upesi mno, mtu haijui kuwa ni hukumu, adhani ameona.

Akatoa mfano wa mtu ajuaye kusoma. Mtu huyo akitupia jicho neno lililoandikwa hulijua mara moja, haanzi kutenga herufi moja moja. Hapana asiyeufahamu mfano huu aliyepita chuoni. Mtoto aliyeanza jana huiona alifu peke yake na bei peke yake, akaziunganisha kwa taabu na kwa sauti. Na mwalimu wake, kwa ukurasa ule ule, haoni herufi bali aona maneno. Macho ya mwalimu si makali kuliko ya mtoto. Yamkini ni mabovu zaidi. Tafauti yao ni mazowea.

Pia alisema Ibn al-Haytham kuwa umbali haujulikani kwa yakini ila pakiwapo vitu vilivyopangana juu ya ardhi baina ya mtazamaji na kinachotazamwa, kwani mtu huijua ardhi kwa miguu yake na kwa kimo chake tangu utoto, naye hupimia kwa hivyo. Akaeleza jaribio: mtu awekwe chumbani, atazame kwa tundu kuta mbili zilizo nje, moja nyuma ya nyingine, na ardhi iliyo baina yao isionekane. Mtu huyo hataujua umbali ulio baina ya kuta hizo, na aweza kuzidhani kuwa zimegusana. Akataja na mawingu, ambayo juu ya nchi tambarare mtu huyadhani yako mbali sana, hata akiona kilele cha mlima kimetokeza juu ya wingu ndipo ajuapo kuwa wingu lilikuwa karibu kuliko alivyodhani. Wenye vyombo vya baharini hawahitaji kuambiwa haya mara mbili. Kisiwa kilichokatwa na maji matupu huonekana karibu, na nahodha mgeni huahidi kufika kabla ya adhuhuri akafika jua likitua.

Na juu ya michoro yenyewe hakunyamaza. Katika maneno yake juu ya makosa ya kuona ametaja kazi ya wachoraji, ambao huchora mnyama mwenye manyoya juu ya uso laini, na mtazamaji akaona ukwaru mahali palipo ulaini. Hilo kwake ni kosa la kuona, lakini ni kosa la namna yake, kwani lina kanuni: mchoraji ameziiga zile alama ambazo akili imezowea kuzitegemea, na akili ikahukumu kwa mujibu wa alama zilizoletwa mbele yake. Kadhi aliyeletewa mashahidi wa uwongo wenye kusema maneno yaliyopangika huhukumu vivyo hivyo, wala haisemwi kuwa hajui sharia.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 (1111), alitaja nyota ambayo jicho huiona ndogo kama dinari, na dalili za hesabu zikathibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akaonyesha kwa hilo kuwa hisi hukosa na akili ikaja kuisahihisha. Maneno yake ni kweli. Lakini ukiyaweka pamoja na ya Ibn al-Haytham waona kuwa ya mwanachuoni wa Basra yameingia ndani zaidi. Kwake yeye akili haikungoja nje ya mlango hata hisi imalize kusema. Ilikuwamo ndani tangu mwanzo, na lile lililoitwa kosa la jicho mara nyingi ni kosa lake.

Yupo atakayeuliza: ikiwa mchoro hudanganya hivyo, mbona hapana anayejaribu kuingia katika ukumbi wa karatasi? Jawabu ni kuwa mtu ana macho mawili, na kila moja hutazama kutoka mahali pake. Kitu chenye kina kikiwa karibu, jicho la kulia huona ubavu ambao la kushoto halioni, na akili ikalinganisha khabari hizo mbili. Mwingereza Charles Wheatstone alilithibitisha hilo mwaka 1838 kwa chombo chenye vioo viwili, akaonyesha kila jicho mchoro wake mbali, na michoro miwili iliyo bapa ikawa kitu kimoja chenye kina. Lakini mbele ya mchoro mmoja wa kawaida macho yote mawili hupata sura ile ile, nayo ni kama mashahidi wawili wanaoapa kuwa karatasi ni bapa. Msomaji na alifumbe jicho moja, azungushe karatasi iwe kama bomba, atazame picha nzuri kwa bomba hilo hata kingo za picha zisionekane. Ataona kina kimezidi. Shahidi mmoja amenyamazishwa, na kingo zilizokuwa zikisema kuwa hii ni karatasi zimefichwa. Basi alama za mchoraji zimebaki peke yake katika baraza.

Na katika alama hizo yenye nguvu kubwa ni kivuli. Mwezi mpevu huonekana bapa kama sahani ingawa ni mviringo kama chungwa, kwa sababu jua humulika uso wake wote unaoelekea duniani, na hapana kivuli cha kuonyesha mviringo wake. Na kivuli nacho hakisemi peke yake. Lazima ijulikane mwanga umetoka wapi. Akili, ikiwa haina khabari nyingine, hushika kuwa mwanga watoka juu, kwa kuwa jua liko juu. Kwa hiyo picha ya nyayo za mtu katika mchanga wa pwani, ikigeuzwa juu chini, nyayo zilizokuwa mashimo huwa vilima, kana kwamba mtu alipita na mchanga ukafura chini ya miguu yake. Picha ni ile ile. Jua la mtazamaji ndilo lililobaki mahali pake.

Jambo la kivuli limeingia pia katika maneno ya mafakihi, ingawa kwa sababu nyingine. Walipozungumza juu ya sura za viumbe wenye roho, walitenga baina ya sura yenye kivuli, yaani yenye mwili unaosimama, na sura isiyo na kivuli iliyo juu ya ukuta au nguo. Wako katika Wamaliki waliosema kuwa ya pili ni karaha wala si haramu, na Imam al-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277), akasema kwa madhehebu ya Shafii na kwa maulamaa wengi kuwa hapana tafauti baina ya yenye kivuli na isiyo nacho. Kurasa hizi si za fatwa. Linalopasa kutazamwa hapa ni kuwa mafakihi hao, karne nyingi kabla ya vyombo vya vioo, waliliona jambo lenyewe: kuwa kuna mwili ulio katika kitu, na kuna mwili ulio katika kuona. Sura ya ukutani haitoi kivuli chake juu ya sakafu hata taa ikiwashwa mbele yake. Kivuli ilicho nacho ni kile alichokichora mchoraji.

Sasa ikumbukwe kuwa mataifa hayakuafikiana juu ya alama zipi ziwekwe katika karatasi. Yahya al-Wasiti, aliyekinakili na kukichora kitabu cha Maqamat ya al-Hariri mwaka 1237, alichora jahazi kwa kisa cha safari ya Omani, na jahazi hilo laonekana ubavu mzima kutoka tezi hata omo, na wasafiri wachungulia katika matundu. Hakujali kuwa mtu asimamaye pwani hawezi kuona yote hayo kwa pamoja. Alitaka mtazamaji ajue jahazi lilivyo. Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha vyombo vya hila mwaka 1206 katika mji wa Amid, alichora gurudumu kana kwamba latazamwa kwa mbele, na birika iliyo chini yake kana kwamba yatazamwa kwa juu, yote katika ukurasa mmoja, na fundi aliyesoma maelezo yake aliweza kuelewa. Wachoraji wa Uajemi walilitandaza zulia wima ili maua yake yote yaonekane, na aliyeketi juu yake hakuanguka.

Katika mji wa Florence mambo yalikwenda njia nyingine. Filippo Brunelleschi katika miaka ya mwanzo ya karne ya 15 alionyesha mchoro wa jengo uliofuata njia za mwanga hata jicho moja lililowekwa mahali pamoja. Na mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaandika kanuni zake, kuwa mistari inayomkimbia mtazamaji ikutane katika nukta moja. Kitabu cha Ibn al-Haytham kilikuwa kimekwisha kufasiriwa kwa Kilatini, na katika karne ya 14 kikafasiriwa kwa Kitaliani, na Lorenzo Ghiberti, mchongaji wa mji huo huo, alitumia maneno yake katika maandishi yake mwenyewe. Hivyo elimu iliyotoka Misri ilifika kwa wachoraji wa Ulaya, nao wakaichukua sehemu ya njia za mwanga. Ile sehemu ya pili, ya hukumu ya akili, haikushikwa kwa nguvu ile. Na baada ya karne nyingi za kuzowea michoro ya namna hiyo, watu wake walisahau kuwa ni mazowea. Walidhani ndivyo jicho lionavyo, na kuwa asiyeona hivyo jicho lake lina kasoro.

Mwaka 1960 William Hudson, wa taasisi ya Afrika ya Kusini iliyokuwa ikitunga mitihani ya kuwapima na kuwapanga wafanya kazi wa migodini na viwandani, alitoa khabari ya uchunguzi wake. Alikuwa akiwaonyesha watu mchoro wa mistari. Ndani yake yumo mwindaji mwenye mkuki, na mbele yake paa aliyesimama, na baina yao, juu ya kilima, ndovu mdogo sana. Mtu huulizwa: Mwindaji amlenga nani? Na ni yupi aliye karibu naye, ndovu au paa? Akijibu kuwa ni paa, huandikwa kuwa aona kina katika michoro, kwani udogo wa ndovu ni alama ya umbali. Akijibu kuwa ni ndovu, huandikwa kuwa haoni kina. Wengi wasiopata shule walijibu ndovu, na khabari ikaenea duniani kuwa Waafrika hawaoni kina katika picha. Lililosemwa kwa sauti ndogo ni kuwa katika uchunguzi ule ule vibarua wa Kizungu wasio na elimu ya shule nao walijibu mara nyingi kama wenzao weusi.

Msomaji na alitazame swali hilo kwa insafu. Katika karatasi, ndovu yuko karibu na mwindaji. Atwae uzi apime, ataona. Na mkuki umechorwa hata ncha yake yawaelekea wanyama wote wawili katika mstari mmoja. Mwenye kujibu ndovu amejibu lililo mbele yake, tena lenye kupimika. Mwenye kujibu paa amejibu juu ya nchi isiyokuwapo, ambayo mchoraji alitaka idhaniwe. Yote mawili ni majawabu ya haki. Aliyekosa ni mwenye kuuliza, ambaye hakusema aulizia lipi, kisha akaandika jawabu lisilokuwa lake kuwa ni upungufu wa macho. Wala katika mchoro huo hapana kivuli wala majani ya ardhi yanayokwenda yakififia. Pana mistari michache tu na udogo wa ndovu. Ardhi iliyopangana, ambayo Ibn al-Haytham aliisema kuwa ndiyo kipimo cha umbali, imekosekana karibu yote.

Wanachuoni waliokuja baadaye waliyaona haya. Jan Deregowski aliwachunguza watu wa Zambia, na mwaka 1968 akatoa khabari kuwa, badala ya kuwauliza tu, aliwapa pia vijiti na udongo wa kufinyanga, akawaonyesha michoro ya maumbo, akawaambia waunde wakionacho. Wengi walioandikwa kwa mtihani wa Hudson kuwa hawaoni kina waliunda maumbo yaliyosimama yenye kina. Mtu yule yule, kwa mtihani mmoja ni kipofu wa kina, na kwa mtihani wa pili ni mzima. Jambo hili lastahiki kusomwa pole pole na kila mwenye kazi ya kuwapima watu.

Lakini haki yataka pia isemwe kuwa mazowea si jambo dogo. Katika milima ya kusini magharibi ya Uhabeshi wako watu waitwao Me'en, ambao hawakuwa wakitumia picha. Walipopewa karatasi zenye picha waliipapasa karatasi, wakaikunja, wakausikiliza mlio wake, wakainusa, na wengine wakaitia kinywani, picha haikuwashughulisha. Nani atawalaumu? Mtu hupewa kitu kigeni, nacho ni karatasi, akakichunguza kwa hisi zote alizopewa. Kisha wakaonyeshwa chui na paa waliochorwa wakubwa juu ya nguo, kitu walichokijua, na khabari iliyotolewa mwaka 1972 yasema kuwa walio wengi waliwatambua wanyama hao. Baadhi yao walitambua kidogo kidogo: huu ni mkia, huu ni mguu, hizi ni pembe. Ni mtoto wa chuoni na herufi zake.

Na huko Marekani, Julian Hochberg na mwenziwe Virginia Brooks walimlea mtoto wao hata akafika miezi 19 pasipo kufunzwa jina la kitu chochote kwa picha, wakimwepusha na picha kwa kadiri walivyoweza. Walipomwonyesha michoro ya mistari alivitaja vitu vilivyochorwa. Khabari hiyo ni ya mwaka 1962. Basi kukitambua kitu katika mistari hakuhitaji shule. Kinachohitaji mazowea ni kule kuichukua michache katika alama nyingi za kina, iliyotengwa na nyingine zote, na kuijibia kama atakavyo mwenye mtihani.

Ushahidi wenye kugusa moyo zaidi umetoka Bara Hindi, kwa vijana waliozaliwa na maradhi ya macho wakatibiwa wakiwa wamekua, katika kazi aliyoianzisha Pawan Sinha. Khabari iliyotolewa mwaka 2009 yaeleza watatu kati ya watu wa namna hiyo. Walipoonyeshwa mchoro wa sanduku lenye nyuso tatu, kila uso ukiwa na weusi wake, hawakuona sanduku. Waliona vipande vitatu, wakavihesabu mbali mbali. Nuru ilikuwa imekwisha kuingia jichoni, na mistari ilionekana, lakini hukumu haikuwapo. Na vitu vikianza kutembea, vipande vilivyokwenda pamoja viliungana machoni pao vikawa kitu kimoja, na baada ya miezi wakawa waweza kuviunganisha hata vikiwa vimetulia. Waliyoyapata katika miezi hiyo ndiyo ambayo mtu mwingine huyapata katika kifua cha mama yake, kisha akasahau kuwa aliyapata.

Imebaki khabari moja ya Zambia, nayo Deregowski aliieleza mwaka 1972. Kuna mchoro wa uma wa meno matatu usioweza kuwapo duniani. Katika ncha yaonekana meno matatu ya mviringo, na ukiyafuata kwenda kwenye shina hukuti ila mawili yenye pembe, na mistari ya jino la katikati huishia hewani. Kila mstari ni halali, na jumla yake ni batili. Wanafunzi walipewa mchoro huo, na mchoro wa uma wa kweli, wautazame kila mmoja muda wautakao, kisha ufunikwe nao wauchore kwa kukumbuka. Wale walioandikwa kuwa waona kina walikawia juu ya uma wa uwongo kuliko uma wa kweli, wakijaribu kuuweka akilini mahali usipoweza kukaa. Wale walioandikwa kuwa hawaoni kina hawakukawia. Kwao ulikuwa mistari, kama ulivyo, wakautazama muda ule ule walioutazama mwenziwe, wakashika kalamu.